Mwembe Haulipi Kodi

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba Jumapili unakwenda msituni kutafuta afya, swali la kwanza atakalokuuliza ni: "Mganga wako nani?" Usimcheke. Katika akili zetu sisi watoto wa mjini, msitu una wenyewe wa aina mbili tu. Ama ni wa waganga na mizizi yao, ama ni wa wazungu wenye kofia pana na kamera shingoni, wanaolala Dar usiku mmoja wakielekea Serengeti. Mtu kama mimi, mpangaji wa chumba kimoja Manzese, akionekana amekaa chini ya mti bila kuuza kitu, bila kumsubiri mtu na bila kulewa, basi ana lake jambo. Ama amefiwa, ama amefukuzwa kazi, ama akili zimeanza kuruka.

Ndugu msomaji, mimi nataka kuuzungumzia mti. Simaanishi misitu ya kwenye kalenda. Namaanisha mti wa kawaida, ule wa uani, unaofungiwa kamba ya kuanikia nguo na kugongwa misumari ya matangazo ya mafundi. Nataka kusema ni kitu gani unamfanyia mtu mwilini na kichwani, na inakuwaje ukiondoka.

Nianze na chumba, maana ugonjwa wenyewe ulianzia humo. Futi kumi kwa kumi. Dirisha ninalo, tena lenye nondo na wavu wa mbu, lakini ukilifungua na kunyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani. Juu ni bati. Mchana kutwa bati linapokea jua, matofali yanapokea, sakafu ya saruji inapokea, halafu usiku vyote vinaanza kurudisha walichokopa. Saa sita usiku unaweka kiganja ukutani, ukuta bado wa moto kama chapati iliyotoka kikaangoni sasa hivi. Nyuma ya nyumba kuna baa, na baa hiyo haijui Jumatatu wala Jumanne.

Kazi yangu ni steshenari, Kariakoo. Natoa kopi, nachapa barua za watu, napanga maombi ya kazi ya vijana wenzangu ambao wengi wao kazi hawapati. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni niko mbele ya kioo cha kompyuta. Nikitoka hapo nasimama ndani ya mwendokasi, pua yangu kwapani mwa mtu. Nikifika nyumbani najilaza, nafungua simu. Na katikati ya yote hayo najiita mwandishi. Hadithi zangu naziandika usiku, zile saa ambazo wenye akili zao wamelala.

Mwaka juzi usingizi ulikata. Haukupungua, ulikata, kama umeme. Nikawa nalala saa mbili, nashtuka, moyo unadunda mithili ya mtu aliyekimbizwa na mbwa. Mchana kichwa kizito, hasira karibu, mteja akisema "kaka hujaweka ukurasa wa tatu" natamani kumrushia mashine. Kuandika ndiyo kabisa! Nilikuwa nasoma aya moja mara nne na sioni kilichoandikwa.

Nikaenda zahanati nikiwa na jibu langu mfukoni: malaria. Si unajua, hapa kwetu kila kitu ni malaria mpaka kithibitike kuwa si malaria. Kipimo kikasema hakuna. Daktari akanifunga mkanda wa presha, akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ukiamka asubuhi, kitu cha kwanza unaona nini?"

"Ukuta."

"Kazini?"

"Kompyuta. Na nyuma yake ukuta."

"Jioni?"

"Simu, daktari."

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Kijana, macho yako hayajasafiri zaidi ya mita tatu tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia presha imepanda kidogo, ila si ya kuanzia dawa siku ile. Nipunguze chumvi. Nitembee nusu saa kila asubuhi, jua likiwa bado changa, nipite penye miti kama ipo, nirudi baada ya mwezi tupime tena. Nikatoka nimenuna. Nimekaa foleni tangu saa moja, nimelipa hela ya kumwona daktari, halafu naambiwa nikatembee! Kutembea si ndiyo kazi yetu sisi tusio na magari?

Pengine ningelipuuza agizo lile kama asingekuja mama mdogo.

Mama mdogo alitoka Muheza, kule Tanga, kuja kuonwa na daktari bingwa kwa ajili ya presha yake, ambayo ni presha kweli, ya miaka, si ya kuanza kama yangu. Nikampa kitanda, mimi nikalala chini kwenye mkeka. Asubuhi ya kwanza nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kitandani anazungusha macho ukutani. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, humu mnalala au mnahifadhiwa?"

Siku hiyo hiyo aliuchukua ule mkeka akatoka nao nje. Uani kwetu, katikati ya vyumba saba, palikuwa na mwembe. Mimi niliishi nao miaka mitatu na sikuwahi kuutazama, labda siku embe lilipodondoka kwenye ndoo yangu ya maji. Yeye aliuzunguka, akaushika gome, akatafuta upande ambao jua la saa tisa halitafika, akatandika. Kuanzia hapo yakawa ndiyo makazi yake. Mboga alichambulia pale, dawa alimezea pale, wageni alipokelea pale. Nilipomwambia kwamba mgonjwa apumzike ndani, alinishangaa. "Nani kakwambia? Mgonjwa hafichwi ndani kama hirizi. Anatolewa nje apigwe na upepo, aone watu wanapita, ajue dunia bado ipo."

Alikuwa na elimu yake ya vivuli. Kivuli cha mwembe, alisema, ni kizito, kinafaa mchana. Mwarobaini kivuli chake chepesi lakini una upepo, unafaa jioni. Mnazi usiutegemee, utakupa kivuli chembamba na nazi ya utosi. Mkungu ni mzuri ila majani yake makubwa yanakutia kazi ya kufagia. Mimi nikicheka yeye hacheki. Kwake hiyo ilikuwa habari ya tiba, sawasawa na kuambiwa vidonge viwili kutwa mara mbili.

Basi kwa kumwonea haya nikaanza kutembea naye asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, polepole, kituo kwa kituo. Jumapili tukawa tunapanda mpaka Mlimani, pale chuo kikuu, ambako miti imeachwa ikawa mikubwa, na tumbili wanavuka barabara kana kwamba wamelipa ada. Tukirudi tunakaa chini ya mwembe, tunakunywa chai. Simu naiacha ndani kwa sababu ukishika simu mbele ya mama mdogo anakuuliza, "Huyo unayeongea naye huko anakuzidi nini mimi niliye hapa?"

Wiki ya tatu nililala saa sita mfululizo. Nilipoamka nilidhani nimechelewa kazini. Mwezi ulipokwisha daktari akapima, presha imeshuka. Sitasema ni mwembe peke yake. Nilikuwa natembea, nakula mchicha wa mama mdogo badala ya chipsi mayai za usiku, nimepunguza chumvi, na nina mtu wa kuongea naye. Mwili haukuandikiwa risiti ya kuonyesha kipi kilitibu kipi. Na yeye mwenyewe mama mdogo hakuacha vidonge vyake hata siku moja, wala wewe mwenye presha usije ukaacha vyako kwa ajili ya makala haya. Mti si mbadala wa hospitali. Lakini nilianza kuuliza: ni nini hasa kinatokea mtu akitoka nje?

Huwa sipendi kuamini kitu kwa sababu tu kimenitokea. Nikatafuta, nikasoma. Na cha kwanza kukutana nacho kilikuwa ukuta!

Mwaka 1984 mtafiti mmoja Mmarekani, Roger Ulrich, alichapisha taarifa fupi katika jarida la Science. Alichukua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, za kuanzia 1972 mpaka 1981, akachambua wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Nusu yao, 23, walilazwa vyumba ambavyo dirisha linatazama miti. Wengine 23, waliofanana nao kwa umri na mambo mengine, dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Upasuaji ni ule ule, jengo ni lile lile. Waliotazama miti walikaa wodini wastani wa siku 7.96 baada ya kupasuliwa. Waliotazama ukuta, siku 8.70. Wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kidogo zaidi, na manesi waliandika malalamiko machache kuwahusu. Tena hao hawakutoka hata nje, walitazama tu! Niliposoma hayo nilikumbuka dirisha langu, na mkono wangu unaogusa jirani.

Wajapani nao, mwaka 1982, idara yao ya misitu ilianza kuwahimiza wananchi wake kwenda "kuoga msitu". Hakuna maji wala sabuni. Unaingia msituni polepole, unanusa, unasikiliza, unatoka. Ilikuwa ni nchi ya viwanda, watu wanakufa kwa kazi, na serikali ikaona mti nao una zamu yake ya kuhudumia.

Kuhusu kile kichwa kizito kilichokuwa kikisoma aya moja mara nne, wanasaikolojia wawili, Rachel na Stephen Kaplan, waliandika kitabu mwaka 1989 wakieleza jambo ambalo kila mwandishi analijua bila kujua jina lake. Tunao umakini wa kulazimisha, ule wa kukodolea macho kompyuta huku unajizuia usisikie kelele. Huo unachoka kama msuli. Na kuna umakini mwingine usio na jasho, ule unaovutwa wenyewe na majani yanayocheza, mawimbi, wingu linalotembea. Huu wa pili ukifanya kazi, ule wa kwanza unapumzika na kujaa tena. Ndiyo maana ukikaa chini ya mti nusu saa "bila kufanya kitu", sentensi iliyokugomea usiku mzima inakuja yenyewe imevaa na viatu.

Mengine ni ya mwili mtupu. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni unaiambia saa iliyo ndani ya ubongo kwamba siku imeanza, na ile saa ikianza vizuri asubuhi inajua pia kufunga duka usiku. Mwanga wa simu saa sita za usiku unaidanganya kwamba bado mapema. Na joto lile la chumba changu: jani la mti linavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa kama mvuke, na mvuke ukitoka unaondoka na joto, kama jasho linavyompoza mtu. Juu ya hapo kivuli kinazuia jua lisifike kwenye saruji. Kwa hiyo uani kwetu mwembe ulikuwa unafanya kazi ya feni saba bila luku kukata.

Nasema ulikuwa.

Siku moja mzee mwenye nyumba alikuja na fundi na kamba ya kupimia. Anataka kujenga fremu nne za maduka upande wa barabarani, na mwembe uko katikati ya fremu ya tatu. Wapangaji tukakusanyika. Wanawake walisema wafue wapi, wapikie wapi. Mama ntilie wa mlangoni, ambaye wateja wake walikuwa wanakaa kwenye benchi chini ya mwembe, alisema hata akiongezewa kodi yuko tayari. Mimi nikajifanya msomi, nikaleta ile habari ya Pennsylvania. Mzee alinisikiliza vizuri sana, hakunikatisha. Halafu akasema:

"Mwanangu, umesema kweli tupu. Lakini mwembe haulipi kodi."

Sikumchukia na mpaka leo simchukii. Kiwanja chake, jasho lake, ana wajukuu wa kusomesha. Ukweli ni kwamba hesabu aliyoipiga ndiyo hesabu inayopigwa na mji mzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na kila mmoja wetu anataka chumba, duka, choo na njia. Mti hausimami kwenye foleni hiyo ukasema "na mimi nilikuwepo". Jumamosi moja msumeno wa injini ulilia saa mbili, mwembe uliochukua umri wa mtu kukua ukawa magogo, na jioni magogo yakawa yameshapakiwa kwenda kuwa mkaa.

Mabadiliko hayakungoja. Saa saba mchana uani pakawa hapakaliki, saruji inachoma nyayo. Mama ntilie akahamia mtaa wa pili. Watoto wakarudi ndani kwenye televisheni. Lakini kilichonishangaza zaidi ni salamu. Tulikuwa vyumba saba tunaojuana habari zetu: nani anaumwa, nani hajala, mtoto wa nani kafaulu. Bila pa kukaa, kila mmoja akawa anatoka mlangoni na kuingia mlangoni. Alipougua mpangaji wa chumba cha tano, tulijua siku ya nne. Zamani tungejua saa nne asubuhi, kwa kumkosa kwenye kivuli.

Mama mdogo alikuwa ameshamaliza matibabu na kurudi Muheza. Nilipompigia kumweleza, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Poleni", kama unavyowaambia wafiwa.

Usingizi ukaanza tena kuyumba. Ndipo mimi na washikaji wangu wanne wa kikundi chetu cha kuandika tukapanga safari ya Pugu. Daladala mpaka Gongo la Mboto, nyingine mpaka Pugu, kisha miguu. Vilima vya Pugu viko kilomita 20 na ushei tu kutoka katikati ya jiji, na bado watu wamezaliwa Dar, wamezeeka Dar, hawajafika. Jina la Pugu tunalijua kwa mnada wa ng'ombe na kwa shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 aitumikie TANU. Wazee husimulia jinsi alivyokuwa akitembea kwa miguu kutoka huko mpaka mjini. Lakini nyuma ya shule na mnada kuna msitu wa hifadhi, kipande kilichobaki cha misitu ya kale ya pwani, wenye mimea ambayo haiko mahali pengine popote duniani. Hapa hapa Dar!

Tukalipa kiingilio, tukaingia. Dakika kumi za kwanza tulikuwa tunapiga kelele za kijiweni. Kisha, bila mtu kusema, tukanyamaza mmoja mmoja. Ubaridi ulianzia shingoni. Harufu ya majani yaliyooza, ile harufu ya mvua ya juzi. Ndege wa huku akiita, wa kule anajibu, katikati yao nafasi tupu. Niligundua kwamba masikio yangu yamekaa miaka yakiwa yamefungwa ngumi, na sasa yanafunguka kidole kwa kidole. Mwenzetu mmoja, mtunzi wa mashairi, alikaa kwenye gogo akasema hataki kuondoka. Tulimsubiri.

Tuliona pia duara jeusi la majivu, alama ya tanuri la zamani la mkaa. Mkaa wa miti ya vilima hivi umeivisha wali wa Dar miaka na miaka. Kila mmoja wetu alilitazama lile duara akapita. Usiku ule nililala kama gogo, hata baa sikuisikia.

Tulipokuwa tunarudi ndani ya daladala, dada mmoja wa kikundi chetu alisema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Nyie wanaume mnasema tu nenda bustanini, nenda msituni. Mimi leo nimefurahi kwa sababu tuko watano. Nikikaa peke yangu chini ya mti nusu saa, dakika ya tano kaja wa kwanza kuniomba namba, ya kumi kaja wa pili, ya kumi na tano naangalia mkoba wangu." Tukakosa la kumjibu. Afya gani hiyo ambayo nusu ya watu wanaitafuta huku wameshika mikoba? Kwa hiyo usafi wa bustani peke yake hautoshi. Inatakiwa iwe na taa, benchi, mlinzi, na sisi wanaume tujifunze kumwacha mtu akae.

Na inatakiwa iwe ya wote. Mwaka 2019 ilichapishwa tafiti moja iliyohoji karibu watu 20,000 wa England. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki penye miti, nyasi au maji waliripoti afya njema na furaha kuliko wasiokwenda kabisa, na haikujalisha kama dakika hizo ni za mkupuo mmoja au zimegawanywa. Kweli, huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi, na watafiti wenyewe wanatahadharisha hivyo. Ila kuna kitu kimoja nilikipenda: uani kwa mtu hawakuuhesabu. Walihesabu bustani za mji, misitu, fukwe. Yaani mahali ambapo hakuna mzee mwenye nyumba wa kusema haulipi kodi.

Mahali hapo pakiwepo, panatetewa. Jirani zetu wa Nairobi wanajua. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya kilitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwanamke mmoja, Wangari Maathai, akashika kalamu akaandika barua moja baada ya nyingine. Alitukanwa mpaka bungeni. Ghorofa halikujengwa, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisemi kila mmoja wetu atapata Nobel. Nasema silaha yake ya kwanza ilikuwa barua, na sisi tunaosoma jarida hili tunadai kwamba kuandika tunaweza.

Basi, ndugu yangu, dakika 120 ni dakika 20 kwa siku sita. Huhitaji nauli ya Serengeti. Ipo bustani ya mimea karibu na Makumbusho ya Taifa, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribia mazao yao, na miti yake haimuulizi mtu kabila. Ipo Mlimani. Ipo Coco Beach, nenda asubuhi kabla mihogo haijaanza kukaangwa, bahari ni yako peke yako. Upo mwarobaini wa msikitini, mkungu wa shuleni, mfenesi wa kanisani. Kaa. Simu iache mfukoni. Macho yasafiri.

Na kwa ninyi waandishi ninalo zoezi moja ambalo mimi nimelianza. Hesabu miti kuanzia mlango wako mpaka kituo chako cha basi, iandike kwenye daftari, jina na mahali ulipo. Kwangu mwaka jana ilikuwa 14. Mwaka huu ni 11, pamoja na mwarobaini mmoja tulioupanda sisi wapangaji mbele ya fremu ya nne, kwa ruhusa ya mzee mwenye nyumba, ambaye alituuliza tu kama hautaziba bango la duka. Una urefu wa goti. Asubuhi naumwagia maji ya kusuuzia vyombo, jioni mtoto wa chumba cha pili anaufunga boksi usiliwe na mbuzi.